Kukoroma, Pumzi na Moyo: Maneno kwa Madereva



Jambo tulilokuja nalo leo watu hulicheka. Nani hajamcheka mwenziwe anayekoroma ndani ya lori usiku pale Mlolongo au Salgaa? Lakini utingo alalaye karibu na dereva amesikia na jambo jingine: mkoromo wakatika ghafula, kimya, halafu mtu ashtuka akitweta kama aliyeponea kuzama majini. Kimya hicho ndicho kinachotuhusu.

Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Kwa wengine njia ya hewa huziba kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, moyo huenda mbio, presha hupanda. Kwa mgonjwa sana hutokea mara 30 au zaidi kwa saa moja, wala asubuhi hakumbuki. Ajualo ni uchovu, kichwa kumwuma, na usingizi wa kumvizia kwenye usukani. Tena presha isiyoshuka hata kwa vidonge kadhaa, mara nyingi ugonjwa huu umo nyuma yake.

Matibabu yapo. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walieleza mashine isukumayo hewa puani ili koo lisizibe. Huondoa kusinzia mchana, na presha hushuka kidogo. Lakini mashine ni ghali, kwa hiyo tuseme kweli yote. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 2,700 waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo. Mashine haikuwapunguzia mishtuko ya moyo wala kiharusi. Walakini waliivaa kwa wastani wa saa 3 na dakika chache tu kila usiku! Basi aliye nayo aivae usiku kucha, na mwenye vidonge vya presha asiviache. Kupunguza unene husaidia. Pombe ya usiku huzidisha.

Sasa neno la chama. Madereva wengi huficha, wakiogopa kuachishwa kazi. Hatuwalaumu, tumeyaona. Lakini anayesinzia njiani asishike usukani, aende apimwe. Na mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa ajili ya udhaifu wa mwili, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yamlazimisha kwanza kumweleza sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanya kazi mwenziwe au mwakilishi wa chama atakayemchagua mwenyewe. Ukiitwa ofisini, usiingie peke yako.

Sisi katika halmashauri tumekata shauri kudai katika mapatano yajayo kwamba gharama ya kupima ichukuliwe na mwajiri, na dereva anayetibiwa apewe kazi ya uani mpaka daktari amruhusu kurudi barabarani. Bwana Mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali.