Jeli ya Maziwa: Utamu Wake na Hadhari Zake



Jeli ya maziwa ni chakula cha zamani, nacho kinapendwa na watu wa mataifa mengi. Si maziwa lala, ambayo huganda kwa uchachu. Bali ni maziwa matamu yaliyopikwa kwa sukari, yakatiwa kitu cha kuyashika hata yakasimama katika bakuli, laini na ya kupendeza. Waingereza huiita blancmange, jina la asili ya Kifaransa, maana yake chakula cheupe. Watu wa Pwani huijua kwa jina la faluda. Mara nyingi mtoto akataaye maziwa ya kikombe huila bila kushurutishwa.

Vitu vya kuyashika maziwa ni hasa vitatu. Cha kwanza ni jelatini, ambayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Cha pili ni konflawa, yaani wanga mtupu wa mahindi, ambao si unga wa ugali. Cha tatu ni agari, itokayo katika mwani wa baharini. Madukani huuzwa pia kwa jina la chaina grasi. Mwislamu aioneaye shaka jelatini, kwa kuwa hajui ni ya mnyama gani, hana haja ya kuionea shaka agari.

Tena vitu hivi hutofautiana katika kustahimili joto. Jelatini haigandi vema pasipo baridi. Katika usiku wa Limuru huenda ikaganda yenyewe, lakini katika joto la Mombasa, pasipo friji, hubaki kama uji. Agari huganda ikipoa kufikia digrii 40 hivi za Selsiasi, wala haiyeyuki tena mpaka ipate digrii 85 hivi.

Jambo hili dogo la jikoni limewafaa matabibu wa dunia nzima. Mnamo mwaka 1881 daktari mmoja wa Ujerumani, Walther Hesse, alikuwa akichunguza vijidudu vilivyomo hewani. Aliviotesha juu ya jelatini, lakini siku za joto jelatini iliyeyuka na kazi yake ikaharibika. Mkewe, Fanny Hesse, aliyekuwa akimsaidia, alikuwa amezoea kupika jeli kwa agari, maana alifundishwa na jirani aliyepata kukaa Java. Akamshauri mumewe aijaribu, nayo ikafaa. Mwaka 1882 Robert Koch alipotangaza habari za kijidudu cha kifua kikuu, aliitaja agari kwa maneno machache, ila jina la mama huyo hakulitaja. Hata leo vijidudu huoteshwa juu ya agari katika maabara za hospitali.

Basi mama wa nyumbani ana la kujifunza hapa. Chakula kimfaacho mtoto huvifaa vijidudu pia. Maziwa mabichi yaweza kuchukua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya homa ya bruselosi. Na jeli iliyopikwa vema, ikiachwa wazi mezani na kutuliwa na nzi, haina tofauti kubwa na kisahani cha maabara: kila kijidudu kiangukacho juu yake hupata chakula na mahali pa kuzaana.

Upishi wenyewe ni huu. Kwa lita 1 ya maziwa, mpishi huchukua gramu 10 za agari ya nyuzi, sukari vijiko 6 vya mezani, na iliki 4 zilizopondwa. Huiloweka agari katika maji baridi kwa nusu saa, kisha huichemsha katika kikombe kimoja cha maji mpaka nyuzi zote ziyeyuke. Katika sufuria nyingine huchemsha maziwa mpaka yafure, akatia sukari na iliki. Ndipo huichuja agari na kuimimina ndani ya maziwa, vyote viwili vikiwa vya moto. Maziwa yakiwa baridi, agari huganda papo hapo, na jeli huwa na madonge. Asiye na agari hutumia konflawa vijiko 7 vya mezani: huikoroga kwanza katika maziwa kidogo yaliyo baridi, kisha huitia katika maziwa yachemkayo na kuipika dakika chache akikoroga bila kuacha.

Mwisho humimina jeli katika mabakuli yaliyooshwa kwa maji ya moto, huyafunika kwa kitambaa safi, na kuyaweka mahali penye ubaridi. Pasipo friji, jeli huliwa siku ile ile ilipopikwa. Ikibaki mpaka kesho yake, heri kuitupa kuliko kumpa mtoto, ijapokuwa sukari ni ghali.