Nguo za Mahipi Zilitoka Wapi?

Mazungumzo ya fundi cherehani mbele ya wanakisomo

 

Juzi mama mmoja aliniletea suruali ya jinzi ya mwanawe. Ilikuwa imechanika magotini. Akasema, "Fundi, itie viraka." Kijana akaruka: "Fundi, usiiguse! Nimeinunua hivyo hivyo, tena kwa bei kubwa!" Mama akabaki mdomo wazi. Nikawaambia, kaeni kwanza. Jambo hili lina historia.

Miaka ya 1960 Marekani ilikuwa vitani Vietnam. Vijana walichukuliwa jeshini kwa lazima. Wengi waliikataa vita ile. Baadhi yao walichoka pia na maisha ya kutafuta fedha tu. Hao wakaitwa mahipi. Mwaka 1967 walikusanyika maelfu kwa maelfu katika mtaa wa Haight-Ashbury, mjini San Francisco. Askari hunyolewa, wao wakaacha nywele zikue. Wengi walitumia bangi na madawa ya kulevya, na wengine wakaharibika. Hilo tusilifiche.

Je, nguo zao? Wengi walinunua mitumba, wakatia viraka na shanga kwa mikono yao. Walivaa jinzi. Nayo jinzi ilikuwa nguo ya vibarua. Mwaka 1873 fundi cherehani Jacob Davis na mfanyabiashara Levi Strauss walipata hati ya serikali ya Marekani kwa suruali zenye vifungo vya shaba vya kugongelea, ili mifuko isichanike kazini. Suruali pana miguuni, ile tuliyoiita bugaluu, ilikuwa ya mabaharia. Kitambaa cha kufunga kwa uzi na kuchovya rangini? Wayoruba wa Nigeria na watu wa India walikuwa na ufundi huo tangu zamani. Dashiki ilitoka Afrika Magharibi. Makoti ya ngozi ya kondoo yalitoka Afghanistan.

Mnaona basi? Nguo za mahipi hazikuzaliwa na mahipi. Zilikuwa za watu wa kazi, na za mafundi wa nchi za mbali. Halafu wenye viwanda wakaona hapa pana fedha. Nguo ya kukataa utajiri ikageuka bidhaa ya kutajirisha. Ndiyo maana leo tundu la gotini linauzwa!

Na kwetu je? Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Sketi fupi, wigi na suruali za kubana zilipigwa marufuku kuanzia Januari 1, 1969. Hata hivyo, miaka ya 1970 bugaluu iliingia. Mimi nilijishonea yangu. Baba akasema, "Unafagia uwanja kwa suruali? Umekuwa mhuni!" Nikanuna. Siku tatu hatukula pamoja. Yeye hakuniuliza kwa nini naipenda. Mimi sikumwambia kwamba ile ndiyo suruali yangu ya kwanza kuikata bila msaada wa mwalimu wangu. Nilikuwa najivunia kazi yangu. Baba amekwisha fariki, na neno hilo sikumwambia kamwe.

Kwa hiyo wazazi, kabla ya kumwita mtoto mhuni, muulize. Nguo haisemi kila kitu kilichomo moyoni. Nanyi vijana, kabla ya kutoa fedha, jiulizeni: nani aliibuni nguo hii, na nani anapata faida? Akina mama wanaotengeneza batiki hapa Tanzania wana ufundi wa kupaka nta, kufunga na kuchovya. Watalii wanainunua. Ufundi huo ni mali. Tusingoje wageni watuonyeshe thamani yake.

Yule mama aliondoka na suruali bila kiraka. Lakini walipokuwa njiani niliwasikia wanazungumza, tena wanacheka.