Kabla ya Kununua Sabufa Mpya
Mazungumzo na wananchi wa Mgogoni, Pemba



Msimu wa karafuu unapomalizika na fedha zikaingia mkononi, nyumba nyingi hutaka kuibadilisha sabufa ya zamani. Sauti yake inakwaruza, maneno ya kasida hayasikiki sawasawa, na dukani Wete au Chake Chake ipo mpya ambayo boksi lake limeandikwa wati 8,000. Tumekuja kuwaomba fedha hizo zisubiri kidogo, kwani huenda kinachoiharibu sauti yenu si sabufa.

Sauti ya kidijitali hupita njia ndefu kabla ya kufika sikioni. Huanza kwenye faili lililomo ndani ya simu au flashi, hupita kwenye waya au Bluetooth, huingia kwenye kikuza sauti, ndipo ikatoka kwenye spika. Pakiwa na kasoro mahali pamoja, panapofuata hapawezi kuiondoa. Mwenye kununua spika nzuri ilhali faili lake ni bovu atausikia ubovu ule ule, tena kwa uwazi zaidi.

Basi tuanze na faili. Dakika moja ya muziki kwenye CD huchukua takriban megabaiti 10. Mfumo wa MP3 huupunguza ukubwa huo kwa kuondoa yale ambayo sikio halitarajiwi kuyatambua. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, dakika hiyo hubaki na megabaiti 1 hivi. Kwa kilobiti 320, karibu megabaiti 2 na nusu. Kila mmoja wetu anaweza kupima: tazama ukubwa wa faili kwenye simu, kisha ugawe kwa idadi ya dakika. Kwa sauti ya msomaji mmoja wa Qur-ani, nusu megabaiti kwa dakika yaweza kutosha. Kwa taarab yenye fidla, udi na ngoma, haitoshi. Wimbo wa dakika 10 wenye megabaiti 4 tu umebanwa mno, na hakuna spika itakayoufungua.

Kilichokwisha kuondolewa hakirudi. Anayewajazia nyimbo akisema amelipandisha faili hadi kilobiti 320, alichoongeza ni ukubwa, si ubora. Mwombeni nakala nyingine iliyotoka kwenye CD au kwenye chanzo cha awali. Hata hivyo, tusimlaumu kwa kila mkwaruzo. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na nyimbo zake zilitoka kwenye santuri. Mkwaruzo unaosikika humo ni wa santuri yenyewe, nasi tunadhani kuupenda ni sehemu ya kumpenda Siti.

Baada ya faili, tazameni muunganisho. Bluetooth ya kawaida huibana sauti kwa mara nyingine, hivyo simu ikikaa karibu na sabufa, waya wa pini ya milimita 3.5 ni bora na ni rahisi. Huku kwetu hewa ya bahari huleta kutu: pini na matundu yafutwe kwa kitambaa kikavu, kifaa kikiwa kimezimwa. Sauti ya simu ipandishwe hadi karibu na mwisho, kisha kiwango cha kusikiliza kirekebishwe kwenye sabufa. Wengi hufanya kinyume chake, na hapo ndipo mvumo huzidi.

Kisha mahali. Sabufa iliyosukumwa pembeni kwenye kona hutoa besi nzito inayofunika maneno. Isogezwe mbali na kona. Spika ndogo ziwe usawa wa masikio ya waliokaa. Chumba chenye kuta tupu na bati juu hurudisha mwangwi, lakini mkeka, pazia na mito huupunguza. Haya yote hayagharimu kitu, na yafaa kujaribiwa kwa wiki moja kabla ya kufungua pochi.

Ikiwa bado ipo haja ya kununua, tunasisitiza zaidi suala la wati. Namba kubwa iliyo mbele ya boksi mara nyingi hufuatana na herufi PMPO. Hiyo ni nguvu inayodaiwa kutokea kwa nukta ndogo sana ya wakati, na haina kipimo kilichokubaliwa na wote. Tafuteni herufi RMS, yaani nguvu ya kuendelea. Zisipokuwapo, geuzeni kifaa na msome kibandiko cha nyuma kinachoeleza umeme unaotumika. Sabufa inayovuta wati 40 ukutani haiwezi kutoa wati 8,000 mfululizo. Spika inayotumia chaja ya volti 5 na ampea 1 inapokea wati 5 tu. Tena, ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu, huhitajika nguvu ya takriban mara 10. Kulipia ziada ya wati chache ni hasara.

Kadi za kumbukumbu nazo zina udanganyifu wake: zipo zilizoandikwa gigabaiti 64 lakini ndani hazifiki. Simu huonyesha namba iliyoandikwa, kwa hiyo kuitazama hakutoshi. Ijazeni kadi yote, kisha fungueni mafaili ya mwisho. Yasipofunguka, irudisheni upesi.

Dukani, ombeni kifaa kiwashwe kwa flashi yenu wenyewe, wimbo mnaoujua, sauti ya kawaida na si ya kupasua masikio. Ombeni risiti yenye jina la duka, tarehe na aina ya kifaa, na muda wa dhamana uandikwe. Sheria namba 5 ya mwaka 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji ipo kwa ajili yenu. Mkipotoshwa, rudini kwanza kwa muuzaji na risiti; asiposikiliza, leteni malalamiko kwa Tume, pamoja na boksi. Msilitupe, maana maandishi yake ni ushahidi.

Waliokuja na vifaa vyao sasa wasogee mbele, tuvigeuze tusome vibandiko vya nyuma.