Hotuba ya Katibu wa Tawi: Pikapu Yetu, Kabureta na Mfumo wa EFI



Hotuba hii ilisomwa mkutanoni Jumamosi. Wengine mlikuwa mashambani, ndiyo maana tumeinakili hapa ukutani kwa mkono. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, tunajua kwamba maneno ya mkutano huingia sikio hili yakatokea lile. Yaliyo ukutani yanangoja. Anayesoma taratibu asome nusu leo, kesho amalizie.

Jambo lenyewe ni pikapu yetu. Mnaijua: Hilux ya zamani, injini ya petroli aina ya 22R, silinda 4, sentimita za ujazo 2,366, yenye kabureta. Ndiyo inayoshusha matenga ya nyanya, kabichi na karoti mpaka Mombo, na kutupandishia mbolea. Barabara ya kutoka Lushoto mpaka Mombo ni kilometa 33 hivi, kona juu ya kona, mlima upande huu na korongo upande ule. Na kutoka Lushoto kuja huku kwetu mnajua wenyewe ilivyo.

Katika kikao kilichopita tuligawanyika mafungu matatu. Wa kwanza walisema gari liuzwe. Wa pili walisema kabureta itengenezwe tena, tumeizoea. Wa tatu, hasa vijana, walisema kabureta ing'olewe, tuweke mfumo wa EFI, yaani petroli ipulizwe kwa injekta zinazoongozwa na kompyuta. Sisi wa ofisi ya tawi tulikuwa fungu la pili, tena kwa sauti kubwa. Tulisema kompyuta ni mambo ya mjini. Leo tunakiri mbele yenu kwamba tulisema kabla ya kujua.

Kilichotubadilisha ni usiku ule wa masika. Mama mmoja wa kijiji hiki alishikwa na uchungu, tukampakia pikapu kwenda hospitali. Kwenye kona kali ya kupanda, injini ikakohoa, ikazima. Dereva alipiga starta mpaka betri ikachoka. Tukasukuma, wanaume kwa wanawake, mvua inanyesha, mama analia nyuma juu ya magunia. Tulifika, na mtoto alizaliwa salama. Lakini jamani, ile ilikuwa bahati, na kijiji hakiwezi kupanga safari zake kwa bahati.

Baada ya pale tulikwenda kwa mafundi, zaidi ya mmoja, tukauliza na kuandika katika daftari. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza, kabureta. Hewa inayovutwa na injini hupita kwenye koo jembamba. Ikipita hapo huenda mbio, na huko kwenda mbio kunafyonza petroli kutoka kwenye bakuli dogo kupitia vitundu vinavyoitwa jeti. Ndani ya bakuli mna boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kufunga mlango. Ni chombo cha busara, hakihitaji umeme mwingi, na fundi mwenye bisibisi hukifungua chini ya mti.

Lakini kina mambo mawili yasiyopatana na milima yetu. La kwanza ni mteremko na kona. Gari likilala upande, petroli nayo hulala ndani ya bakuli. Jeti hukosa petroli, au petroli hufurika ikaizamisha injini. La pili ni hewa. Huku juu, kwenye meta 1,400 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu 15 kwa 100. Kabureta haina habari. Imewekewa jeti za kipimo kimoja, basi huendelea kumimina petroli kana kwamba iko Tanga. Ndiyo maana tunaona moshi mweusi, plagi zinashika masizi, na petroli inakwisha upesi.

Pili, EFI. Hapa pampu ya umeme inasukuma petroli kwa nguvu mpaka kwenye injekta, moja kwa kila silinda. Injekta ni mlango mdogo unaofunguliwa kwa umeme kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kompyuta, ambayo mafundi wengine huiita kontroboksi, ndiyo inayoamua mlango ukae wazi muda gani. Inapewa taarifa: hewa kiasi gani imeingia, maji ya injini yana joto gani, pedali imekanyagwa vipi, injini inazunguka mara ngapi. Kwenye bomba la moshi kuna kihisi cha oksijeni, kinanusa moshi na kusema petroli imezidi au imepungua. Shabaha ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Kwa hiyo ukipanda mlima kompyuta hupunguza, ukishuka huongeza. Na kwa kuwa hakuna bakuli la boya, kona haiisumbui.

Mambo haya si ya jana. Volkswagen ilianza kuuza gari lenye injekta za umeme za Bosch mwaka 1967. Na Toyota wenyewe walitengeneza ndugu wa injini yetu, wakaiita 22R-E, umbo lile lile ila ina EFI. Hii ndiyo faida yetu kubwa: hatuhitaji kubuni kitu. Tunahitaji kupata vifaa vya 22R-E kutoka gari moja lililokwisha mwili, tuvihamishie kwetu.

Kuna mzee aliuliza, mbona zamani hatukusikia habari za vihisi hivi? Sababu moja ni petroli yenyewe. Ile ya zamani ilitiwa madini ya risasi, na risasi huua kihisi cha oksijeni. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwaka 2006 ikaondolewa. Kizuizi hicho hakipo tena.

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo pesa za ushirika zinapoweza kuliwa na moto. Kubadilisha si kung'oa kabureta na kubandika kitu kingine. Tunaandika yote, kila mwanachama ajue kinachonunuliwa.

1. Manifoldi ya hewa ya 22R-E pamoja na injekta zake 4, koo la hewa na kipima hewa. Fundi akague kwanza kichwa cha injini yetu, kama njia za hewa zinapatana na injekta.

2. Kompyuta na waya zake zote, kutoka gari lile lile. Waya zisikatwekatwe. Ukichanganya kompyuta ya gari hili na waya za gari lile, utatafuta kosa mpaka uzeeke. Distribyuta nayo itoke huko huko.

3. Pampu ya umeme. Pampu yetu ya sasa, ile inayosukumwa na injini, inatoa paundi 3 hadi 5 tu. EFI inataka karibu paundi 40. Ile ya zamani inatolewa, na tundu lake linazibwa kwa bamba na gasketi.

4. Mabomba ya mafuta mapya. Mpira wa kabureta hauvumilii paundi 40. Utapasuka, na petroli itanyunyizia injini ya moto. Hapa hatutaki ubahili wala vibano vya waya. Pia lazima pawe na bomba la kurudisha petroli iliyozidi kwenye tangi.

5. Tangi. Tangi letu halina vizuizi vya ndani. Petroli ikipungua na gari liko mteremkoni, pampu itavuta upepo, tutarudi kule kule kwenye kuzima konani. Basi tupate tangi la EFI, au tuweke tangi dogo la akiba kati ya tangi kubwa na pampu ya nguvu.

6. Filta ya EFI, betri nzima, alteneta nzima. Gari la kabureta hata umeme ukiwa dhaifu utalisukuma, litawaka. Gari la EFI bila umeme wa kutosha halina pampu wala injekta. Hili tusifichane.

Na tunaweka mkazo kwenye jambo moja zaidi. Katika mfumo wa 22R-E, kipima hewa kina swichi ndani. Hewa ikiacha kupita, yaani injini ikizima, swichi inakata pampu. Gari likipinduka au bomba likikatika, petroli inaacha kumwagika. Kuna mafundi wanaoona taabu kuitafuta waya hiyo, wakaunga pampu moja kwa moja kwenye swichi ya funguo. Gari litawaka, na pesa atachukua. Lakini siku ya ajali, injini imezima na pampu bado inamwaga petroli juu ya watu waliojeruhiwa. Ndugu zangu, nyuma ya pikapu ile tunapanda sisi na watoto wetu. Fundi akimaliza, tutajaribu mbele ya kamati: injini ikizima na funguo iko mahali pake, pampu inyamaze. Isiponyamaza, halipwi.

Wanaopinga wana haki yao, nasi tunaieleza. Wanasema kabureta anaijua kila fundi, kompyuta anaijua nani? Ni kweli. Lakini mfumo huu unasema wenyewe unapougua. Chini ya boneti kuna soketi ya ukaguzi. Ukiunganisha matundu mawili yanayotakiwa, taa ya injini pale kwenye dashibodi huwaka na kuzima, huwaka na kuzima. Unahesabu, unatazama katika karatasi, namba ile inakuambia ni kihisi gani. Sisi tulipoonyeshwa, tulicheka. Ni kama siku ile mwalimu wetu wa darasa la watu wazima alipotuonyesha kwamba alama za ubaoni zinasema kitu. Anayejua kuhesabu na kusoma anaweza kuikagua. Kumbe kisomo kile hakikuwa cha kusomea barua tu.

Wengine wanasema tutapata nguvu nyingi, gari litaruka. Msidanganyike. Nguvu itaongezeka kidogo. Tunachonunua ni kuwaka asubuhi ya baridi, kutozima konani, na kuacha kumwaga petroli kwenye moshi. Na kama injini yenyewe imechoka, EFI haitaiponya. Kwa hiyo kabla ya senti moja kutoka, mgandamizo wa silinda zote upimwe, valvu ziwekwe sawa, na mnyororo wa taimingi ukaguliwe, maana injini hizi husifika kwa uimara lakini vile vishikizo vya plastiki vya mnyororo huvunjika. Ikionekana injini imekwisha, tutarudi kwenu na habari nyingine.

Sasa pesa. Zilizopo ni zile tulizoweka kwa ajili ya mbegu za viazi. Hapo ndipo penye uzito. Hatutaki mtu aseme baadaye kwamba ofisi ya tawi ilikula mbegu ikatapika waya. Kwa hiyo tunapendekeza hivi:

Moja, uchunguzi wa injini ufanyike kwanza, na majibu yabandikwe hapa ukutani.

Mbili, mafundi watatu waandike bei zao. Kamati izisome hadharani.

Tatu, fedha za mbegu zisiguswe mpaka mavuno haya yauzwe. Kwa sasa kabureta isafishwe, boya lipimwe, jeti zifae kwa huku juu, gari liendelee na kazi ya matenga. Mgonjwa asisafirishwe nalo usiku bila watu wanne wa kusukuma.

Nne, vijana wawili, wa kiume na wa kike, wakae na fundi tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na madaftari mkononi. Kila waya wachore, waandike rangi yake. Fundi ataondoka, daftari litabaki.

Tano, kabureta yetu na manifoldi yake visitupwe wala visiuzwe. Vipakwe oili, vifungwe, viwekwe stoo. Mfumo mpya ukitushinda, tutarudi tulikotoka bila aibu.

Sita, dereva aandike lita na kilometa za kila safari kuanzia wiki hii, kabla na baada ya kubadilisha. Hapo ndipo tutajua kama tumepata au tumepatikana.

Ndugu wanachama, gari ni letu sote, na kila tenga lililoozea njiani lilikuwa jasho la mmoja wetu. Kura itapigwa kwa mikono Jumamosi ijayo, baada ya gulio. Ambaye hakuelewa aje ofisini tumsomee. Ambaye ameelewa amsomee jirani. Anayepinga aje pia na sababu zake, nasi tutaziandika hapa hapa ukutani kwa herufi zilezile.

 

Katibu wa Tawi