Nukta Moja Iliyozima Ngao

Anayewasha kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu huko Turffontein, kusini mwa Johannesburg, hutumia kazi iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa neno utu.

Programu zilizomo huundwa kwa skripti, na skripti hukagua kwanza. Huandika programu ndogo ya majaribio na kujaribu kuiunda. Ikikubali, kifaa kinachotafutwa kipo, ikikataa, hakipo. Lakini kukataa kuna sababu nyingi, na skripti haiulizi ni ipi.

XZ Utils, programu ya kubana mafaili, ilikuwa na ukaguzi wa Landlock, ngao inayoizuia programu kugusa yasiyoihusu. Ukaguzi huo ulikuwa na kasoro ya kweli: uliridhika kuona faili moja tu la maelezo, ilhali faili laweza kuwapo na ngao isitumike. Februari 2024, mchangiaji aliyejiita Jia Tan, ambaye hajatambuliwa kuwa ni nani hasa, alileta marekebisho. Katika skripti ya CMake aliacha nukta, peke yake mstarini. Kwa nukta hiyo jaribio lisingekubali kwenye kompyuta yoyote duniani. Skripti ikajibu kwamba ngao haipo, ikasonga mbele kimya.

Tarehe 29 Machi, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza jambo zito zaidi: matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri. Aliufuatilia baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa takriban nusu sekunde. Kesho yake Lasse Collin wa Finland, mwasisi wa XZ, akaifuta nukta. Kwa sababu ya mlango ule, toleo la majaribio la Ubuntu 24.04 likaahirishwa kwa juma moja hadi 11 Aprili, vifurushi vikaundwa upya.

Nukta yenyewe haikudhuru wengi, kwani waundaji wengi wa Linux hutumia skripti nyingine ya XZ. Hata hivyo kufuta nukta ni nusu ya dawa. Anayeitaka ngao sharti aitaje kwa jina, na skripti isipoipata isimame na kueleza kwa nini jaribio limekataa.