Mtoto alale karibu na mama, lakini mahali pake
Masomo: 1 Wafalme 3:16-28, Luka 2:7



Habari ya Sulemani na wanawake wawili tunaijua. Tukihubiri juu yake, tunakimbilia upanga na hekima ya mfalme. Leo tusimame kwenye mstari wa 19. Mtoto mmoja alikufa usiku kwa sababu mama yake alimlalia. Mwanamke yule alikuwa amezaa siku chache tu, amechoka, na usingizi ulimshinda. Biblia haikuficha jambo hili.

Tuangalie vizuri. Katika habari ile hakuna aliyemtaja mchawi. Hakuna bibi mzee aliyeburutwa mbele ya mfalme. Kumbe kwetu, mtoto akikutwa asubuhi amekufa, kabla ya kumzika watu wameanza kuuliza: nani amemla? Wengine wanatafuta nabii awape jina. Wapendwa, damu ya bibi asiye na kosa haimrudishi mtoto. Tuseme pia kwa upole: si kila mtoto anayekufa usingizini amelaliwa. Wengine hufa hata waganga wa hospitali wasione sababu. Basi mama mwenye msiba tumfariji, tusimhukumu.

Lakini lile tunaloweza kuzuia, tulizuie. Kuomba kabla ya kulala ni vizuri sana. Kumwandalia mtoto mahali pa kulala ni imani hiyo hiyo ikitumia mikono.

Maria alikuwa safarini, nyumba ya wageni haina nafasi. Alimfunga mtoto nguo akamlaza katika hori la wanyama. Pamoja na umaskini ule, Yesu alikuwa na mahali pake, na mama yupo karibu. Hilo ndilo hata waganga wa watoto wanafundisha leo: kwa miezi 6 ya kwanza hivi, mtoto alale chumba kimoja na mama, karibu mkono umfikie, lakini juu ya malalo yake mwenyewe.

Tunajua nyumba zetu. Chumba ni kimoja, kitanda ni kimoja, na wengi wamepokea ndugu waliokimbia vita. Hatusemi mnunue kitanda cha mtoto. Kitunga kipana, chini tambarare, kisichopinduka, kinatosha. Hata sanduku safi la mbao lisilo na misumari linafaa. Huko Nyuzilandi, tangu mwaka 2006, Wamaori wanasuka kikapu cha majani kinachoitwa wahakura, mtoto analala ndani yake palepale kitandani pa wazazi. Wamama wa Maniema wanaojua kusuka, kazi hii haiwashindi.

Ndani ya kitunga tandika kikwembe kilichokunjwa na kuvutwa sawasawa, kisiwe laini cha kumzamisha. Usiweke mto, wala rundo la nguo, na usimfunike uso. Mlaze chali, si kwa tumbo. Kitunga kiwe kando ya mama, ndani ya chandarua kilekile, maana malaria nayo inaua. Chandarua kichomekwe vizuri kisimwangukie usoni. Kaka na dada zake walale upande mwingine. Mbabula ya makaa itolewe nje kabla ya kufunga mlango, kwa sababu moshi wake usioonekana unaua nyumba nzima.

Mama akinyonyesha usiku, amrudishe mtoto kitungani. Usingizi ukimkamata naye yuko kifuani, asijilaumu. Akiamka tu, amrudishe. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana mafundisho yake, pamoja na kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi. Hapo tumsikilize muuguzi wa kituo cha afya.

Wababa, neno hili si la wamama peke yao. Baba aliyekunywa lutuku asilale pembeni ya mtoto mchanga hata kidogo. Na wewe usiyekunywa, umetoka shimo la dhahabu umechoka kama mfu: mwili wako hauna habari na kile kilicho chini yake. Lala mkekani. Umchotee mama maji, umpikie, apate kupumzika mchana, kwa maana mama aliyepumzika anaamka upesi usiku.

Na kanisa tufanye nini? Tukienda kumtazama mzazi, tunabeba sabuni na unga. Safari hii tubebe na kitunga.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wewe husinzii. Linda watoto wetu usiku huu, fariji wamama waliopoteza watoto, ondoa midomoni mwetu maneno ya kusingizia wazee. Utupe hekima ya kufanya lililo ndani ya uwezo wetu. Kwa jina la Yesu. Amina.