Duka Lina Faida, Sanduku Tupu

Leo tuingie katika lile duka la pembejeo la kikundi chenu. Katibu amesoma hesabu mkutanoni, faida ipo, watu wamepiga makofi. Lakini yule anayewauzia mbolea anataka pesa zake mwisho wa mwezi huu, na mvua ziko njiani. Je, mtamlipa? Msipomlipa, mbolea ya kupandia haiji.

Haya, chukua karatasi na kalamu. Tuseme fedha taslimu mnazo shilingi 400,000. Wanachama waliokopa wanadaiwa 1,600,000. Bidhaa zilizomo dukani, kwa bei ya kununulia, ni 2,000,000. Jumla 4,000,000. Deni lenu ni 2,000,000. Gawa mali hiyo kwa deni, unapata 2. Maana yake kila shilingi ya deni ina shilingi mbili za kuilipa. Vizuri, au siyo?

Ngoja kwanza. Toa bidhaa, kwa sababu dawa iliyoko rafuni si pesa mpaka iuzwe. Inabaki 1. Sasa toa na madeni ya wanachama, maana sote twajua hawalipi kabla ya mavuno. (Labda na wewe umo katika daftari hilo, usinikasirikie.) Zimebaki 400,000 kwa deni la 2,000,000, yaani senti 20 tu kwa kila shilingi.

Pesa zimekwama wapi? Tuseme kwa mwaka mnakopesha bidhaa za shilingi 4,800,000. Gawa kwa zile 1,600,000 zilizoko nje, unapata 3. Basi mkopo unarudi mara tatu kwa mwaka, yaani unakaa nje miezi minne. Ninyi mmepewa mwezi mmoja! Faida mliyopigia makofi imo mifukoni mwa wadaiwa.

Bidhaa nazo zipimwe hivyo hivyo: chukua gharama ya zilizouzwa kwa mwaka, ugawe kwa wastani wa zinazokaa dukani. Ila mbolea ihesabiwe peke yake na dawa peke yake. Mbolea huweza kwisha juma la kupanda, dawa ikangoja mpaka tarehe yake ipite.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza tena, mwombeni mwenye mbolea awangoje hadi mavuno, au punguzeni kukopesha. Na mweka hazina aje mkutanoni na hesabu hizi, sio faida peke yake. Kwaheri, ndugu mkulima.